Eleza Muktadha wa Dondoo Hili: Kunukuu Vyanzo vya Mtandaoni katika Uhakiki wa Fasihi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa, niruhusuni nianze kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2007 nilikuwa nikifundisha Kidato cha Nne katika shule moja ya wasichana jijini Nairobi. Kila Jumamosi nilikuwa na mazoea ya kushuka kwenye matatu ya nambari 46 pale Hurlingham na kuingia katika saiba moja iliyokuwa orofa ya kwanza, kando ya Barabara ya Argwings Kodhek. Tulilipa shilingi moja kwa dakika, na kila karatasi iliyochapishwa ilikuwa na bei yake, hivyo mtu hakuketi mbele ya tarakilishi kupumzika. Siku moja nikapata uchambuzi wa riwaya iliyokuwa ikitahiniwa wakati huo: kurasa kumi na moja, wahusika wote, maudhui, mbinu za lugha, na madondoo yaliyotiwa ndani ya alama za mtajo. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti. Nilichapisha kurasa zote, nikatoboa karatasi, nikatia kwenye faili, nikafundishia mihula miwili.

Muhula wa tatu ulipoanza, msichana mmoja alikuja ofisini na riwaya mkononi. “Mwalimu,” akasema, “nimeisoma yote mara tatu. Maneno haya yako ukurasa gani?” Nilimwelekeza kwenye sura ambamo nilidhani yamo. Alirudi baada ya chakula cha mchana. “Hayako, mwalimu.” Usiku ule niliisoma riwaya upya toka jalada hadi jalada. Hayakuwako. Aliyeandika uchambuzi ule alikuwa amefupisha mawazo ya mhusika kwa maneno yake mwenyewe, kisha akayafungia alama za mtajo kana kwamba yametoka kinywani mwa mhusika. Darasa zima lilikuwa limeyakariri. Wengine walikuwa wameshayatumia katika mtihani wa mwigo, na msahihishaji kutoka shule jirani alikuwa ameyapigia mstari mwekundu bila kueleza sababu.

Nilirudi saiba nikitaka kumpata mwandishi wa ukurasa ule nimwulize. Sikuweza. Jina lake sikuwa nimeliandika popote. Anwani ya tovuti, ile ambayo tarakilishi huichapisha kwa herufi ndogo chini ya karatasi, nilikuwa nimeikata kwa makasi ili karatasi zienee kwenye faili. Nilitafuta kwa kutumia maneno ya uchambuzi wenyewe. Ukurasa ulikuwa umekwisha kuondolewa. Nikabaki na karatasi kumi na moja zisizo na baba wala mama, na darasa la kuomba radhi.

Tangu hapo nimelifikiria sana suala la kunukuu vyanzo vya mtandaoni, na nimefikia rai ambayo ningependa kukushirikisha. Sisi walimu wa fasihi hatuhitaji kufundishwa upya jambo hili kana kwamba ni elimu ya kigeni iliyoletwa pamoja na tarakilishi. Tunalifundisha kila wiki. Kila mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu analijua swali hili: Eleza muktadha wa dondoo hili. Anajua kwamba alama nne zinagawiwa mambo manne: ni nani anayesema, anamwambia nani, wako wapi, na ni kwa sababu gani. Mtahiniwa akiandika “haya ni maneno ya mhusika mmoja katika riwaya”, tunampa sufuri. Kisha sisi wenyewe tunaandika katika tasnifu zetu: “Chanzo: mtandao.” Au mwanafunzi anaandika “Google”, nasi tunaipitisha. Google si chanzo. Kuandika hivyo ni sawa na mtu kuulizwa amenukuu kitabu gani, akajibu kwamba alikinunua katika duka la vitabu pale Yaya.

Basi tuchukue swali letu lile lile la muktadha tuone linatufikisha wapi.

Nani anasema?

Hapa ndipo penye makosa mengi zaidi kuliko watu wanavyodhani, na mengi si ya uvivu bali ni ya kutojua majina ya watu wetu. Tuanze na Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano (1980). Alipokuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, makala yake mengi ya kitaaluma aliyatia sahihi kwa jina la Said A. M. Khamis. Mengi ya makala hayo yanapatikana bila malipo mtandaoni. Nimewahi kusoma insha ya mwanafunzi wa shahada iliyosema kwamba Khamis anakubaliana na Mohamed. Bila shaka anakubaliana naye! Ni mtu mmoja. Lakini mwanafunzi alikuwa amejenga hoja nzima juu ya ushahidi wa wahakiki wawili, na hoja ikaanguka palepale. Vivyo hivyo kwa Ken Walibora. Wasomaji wa Siku Njema (1996) wanamjua kwa jina hilo, lakini akiandika kama mhakiki alitumia Ken Walibora Waliaula, na kwa jina hilo alichapisha mwaka 2009, katika jarida la Research in African Literatures, makala kuhusu Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Ukitafuta katika orodha za mtandaoni kwa jina moja tu, unapata nusu ya mtu. Katika marejeleo, liandike jina kama lilivyochapishwa kwenye kazi unayoinukuu, kisha mara ya kwanza unapomtaja ndani ya makala yako ueleze kwa sentensi moja kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja.

Kuna pia taabu ya kupindua majina. Mitindo mingi ya marejeleo hudai jina la ukoo litangulie. Programu za tarakilishi zinazopanga marejeleo zenyewe hudhani kwamba neno la mwisho ndilo jina la ukoo, na mara nyingi kwa majina yetu huvuruga. Shaaban Robert awe Robert, Shaaban, maana Robert ni jina la baba yake. Wapo wanaoandika Shaaban, Robert wakidhani wamemrekebisha. Kithaka wa Mberia unaweza kumwandika wa Mberia, Kithaka, au Mberia, Kithaka wa. Zote mbili nimeziona katika vitabu vizuri. Chagua moja ushikamane nayo, usije ukamfanya mwandishi wa Kifo Kisimani kuwa watu wawili katika orodha moja.

Na ukurasa usio na jina la mwandishi je? Kwanza tafuta vizuri, kwani mara nyingi jina limefichwa chini kabisa au katika sehemu inayoeleza tovuti ni ya nani. Lisipopatikana, tumia jina la taasisi iliyouchapisha. Kama hata taasisi haijulikani, anza na kichwa cha ukurasa. Lakini hapo ujiulize swali ambalo mimi sikujiuliza mwaka 2007: kama hakuna mtu wala taasisi iliyo tayari kuweka jina lake juu ya maneno haya, kwa nini mimi niweke langu?

Lini?

Ukurasa wa mtandaoni unaweza kuwa na tarehe nne, na kila moja ina kazi yake. Ipo siku tukio lilipotokea, siku habari ilipoandikwa, siku ukurasa uliporekebishwa mara ya mwisho, na siku wewe ulipousoma. Mfano tulio nao ni wa huzuni. Ken Walibora aligongwa na matatu katika Barabara ya Landhies, Nairobi, Ijumaa tarehe 10 Aprili 2020. Jamaa na marafiki walimtafuta kwa siku kadhaa, na mwili wake ukatambuliwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta tarehe 15 Aprili. Magazeti yalitangaza siku hiyo na iliyofuata. Kwa hiyo ukisoma kwa haraka utaona kurasa zinazoelekea kusema alifariki tarehe 15. Mwanafunzi anayeandika wasifu wa mwandishi akinakili tarehe iliyo juu ya habari amenakili tarehe ya gazeti, si ya mauti. Gazeti halikukosea, msomaji ndiye aliyechukua tarehe isiyo yake.

Tarehe ya kusoma ni ile ambayo vitabu vya karatasi havikuihitaji. Kitabu ulichokisoma mwaka jana bado kiko rafuni na maneno yake ni yale yale. Ukurasa wa tovuti unaweza kubadilishwa usiku ukiwa umelala. Ndiyo maana tunaandika mwishoni: imesomwa tarehe fulani. Mtindo wa APA, katika toleo lake la saba la 2019, unaitaka tarehe hiyo kwa kurasa zinazotarajiwa kubadilika tu. Kwa makala ya jarida, ambayo yakishachapishwa yamechapishwa, si lazima. Ushauri wangu ni kwamba katika daftari lako uiandike daima. Kuiacha baadaye ni rahisi, kuikumbuka ni vigumu.

Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2003, ni mfano mzuri wa ukurasa unaobadilika. Sisemi isitumiwe. Ni mlango mzuri wa kuingilia, na walioijenga wamefanya kazi ya kujitolea ambayo wengi wetu hatujaifanya. Lakini mlango si chumba. Soma makala, shuka hadi marejeleo yake, kisha uende ukanukuu hayo. Ikiwa ni lazima uinukuu Wikipedia yenyewe, kwa mfano kwa sababu unajadili jinsi inavyomweleza Shaaban Robert, ingia katika historia ya ukurasa na uchukue anwani ya toleo lile ulilolisoma. Kila badiliko huhifadhiwa pamoja na tarehe na saa yake. Ukitoa anwani ya ukurasa tu, msomaji wako wa mwaka ujao anaweza kukuta sentensi inayosema kinyume cha ulichoandika.

Wapi, na je, bado pako hapo?

Wakazi wa Hurlingham wanafahamu kuwa mahali hubadilika jina huku pakibaki palepale. Barabara ninayoizungumzia hapo juu imepewa jina la Argwings-Kodhek, wakili na mwanasiasa aliyefariki mwaka 1969, na wazee wengine hadi leo huiita kwa jina la zamani. Mtandaoni huwa kinyume: jina hubaki, mahali pakahama. Walimu wa umri wangu wanaikumbuka kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, miaka ya 1990. Anwani yake ilikuwa ndani ya tovuti ya Yale, na tasnifu nyingi ziliinukuu hivyo. Kamusi ilipohama Yale, anwani zile zilikufa zote. Swahili Forum, jarida ambalo kila mwalimu wa fasihi anapaswa kulifahamu kwa kuwa halilipishwi, lilianza Köln mwaka 1994, likahamia Mainz, kisha Leipzig, na anwani zikahama pamoja nalo. Mwaka 2020 Nation walihamisha tovuti yao kutoka nation.co.ke hadi nation.africa. Hebu fikiria ni insha ngapi za wanafunzi wetu kuhusu magazeti zilizobaki zikielekeza kwenye anwani ya kale.

Tatizo si letu peke yetu. Mwaka 2014 wasomi wa sheria wa Harvard, Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig, walichapisha utafiti wa anwani za mtandaoni zilizotajwa katika majarida ya sheria ya chuo hicho na katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika majarida, zaidi ya asilimia 70 ya anwani hazikumfikisha tena msomaji kwenye habari iliyokuwa imenukuliwa. Katika hukumu za mahakama, asilimia 50. Ikiwa majaji wanaelekeza watu kwenye milango iliyofungwa, mimi na makasi yangu ya Hurlingham nilikuwa katika kundi kubwa.

Ubishi huu umewatatiza hata waandaaji wa mitindo ya marejeleo. MLA, katika toleo lake la saba la 2009, haikudai tena anwani ya tovuti, kwa hoja kwamba anwani ni ndefu, huharibika, na msomaji anaweza kutafuta mwenyewe. Toleo la nane la 2016 likaishauri tena. Ndiyo sababu utamkuta mwalimu mmoja katika chumba cha walimu akisisitiza kwamba anwani haitakiwi na mwingine akisema ni lazima, na wote wawili walisoma kitabu halisi, ila kila mmoja alisoma toleo la mwaka wake. Muulize msimamizi wako anataka toleo gani, na usichanganye.

Kuna njia mbili za kujikinga. Ya kwanza ni kutoegemea anwani pekee. Makala ya jarida yana mwandishi, mwaka, kichwa, jina la jarida, juzuu, toleo na kurasa. Ukiyaandika yote hayo, hata tovuti ikiungua moto msomaji ataipata kazi kwingine. Mfano:

Khamis, Said A. M. (2003). “Fragmentation, Orality and Magic Realism in Kezilahabi's Novel Nagona.” Nordic Journal of African Studies, 12(1), kur. 78–91.

Hapa anwani ukiiongeza ni msaada tu, si uti wa mgongo. Ndani ya makala yako utaandika (Khamis 2003: 85) ikiwa ulichonukuu kiko ukurasa wa 85. Na tahadhari: ni ukurasa wa 85 wa jarida, yaani nambari iliyopigwa chapa juu ya karatasi, si nambari ambayo tarakilishi inakuonyesha pembeni unapoteremka. Makala haya yanaanzia ukurasa wa 78, lakini tarakilishi itauita ukurasa wa kwanza 1. Mwanafunzi aliyeandika “uk. 8” amempeleka msahihishaji mahali pasipokuwapo. Makala mengi ya siku hizi yana pia kitambulisho cha kudumu kiitwacho DOI, kinachoanza na tarakimu 10 na nukta. Kikiwapo, kitumie badala ya anwani ya kawaida, kwa kuwa hicho hubaki kile kile hata jarida likihama nyumba.

Njia ya pili ni kuuhifadhi ukurasa wenyewe. Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1996, ilifungua mwaka 2001 huduma iitwayo Wayback Machine. Humo unaweza kubandika anwani iliyokufa ukaona kurasa za zamani zilizonakiliwa, kila nakala na tarehe yake. Unaweza pia kuiomba ihifadhi ukurasa unaousoma sasa hivi, bila malipo, na ikakupa anwani ya nakala hiyo. Inachukua dakika moja. Kwa ukurasa usio na jarida nyuma yake, kama vile tangazo la taasisi au uchambuzi wa mwalimu mwenzako, usinukuu kabla ya kufanya hivyo. Ningeijua huduma hii mwaka 2007, pengine ningempata mtu wangu.

Mnyororo wa wasimulizi

Sasa tufike penye uzito. Ukikuta shairi la Muyaka mtandaoni, liko mbele yako katika hati safi, limenyooka, nawe unalinakili kwa ajili ya darasa. Unamnukuu nani? Utasema Muyaka. Lakini Muyaka hakuandika kwenye tovuti, na shairi hilo limepita mikononi mwa watu kadhaa. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya mashairi hayo kutoka kwa waliokuwa bado wanayakumbuka, akishirikiana na mmisionari William Taylor. Hati hizo zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha Diwani ya Muyaka bin Haji huko Afrika Kusini akitegemea hazina hiyo. Mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka pamoja na tafsiri na maelezo. Kati ya mikono hiyo yote, tahajia na pengine maneno yenyewe yanaweza kutofautiana. Aliyelibandika shairi mtandaoni amelichukua kwa mmoja wao, au amelitoa kichwani mwake. Ukihakiki vina na mizani bila kujua umeshika nakala ya nani, unaweza kumsifu au kumlaumu Muyaka kwa jambo alilolitenda mpiga chapa.

Wanazuoni wa pwani walilijua hili kabla ya tovuti kuzaliwa. Hadithi ya Mtume haikupokelewa bila isnadi yake, yaani orodha ya waliopokezana hadi kufikia kwa aliyesikia. Isnadi ikiwa na pengo, hadithi hutiliwa shaka hata ikiwa na maneno mazuri. Marejeleo ya kitaaluma ni isnadi kwa jina jingine. Basi ukimsoma Hichens kupitia kwa mtu wa tatu, sema hivyo: “Hichens, kama anavyonukuliwa na fulani.” Usijifanye umekishika kitabu cha 1940 ikiwa hujakigusa. Msimamizi mzoefu hugundua, kwa sababu makosa ya yule wa katikati nayo utayanakili.

Kuhusu nakala za vitabu vizima vya fasihi zilizopigwa picha na kusambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, sitasema mengi. Mwandishi na mchapishaji hawapati chochote, hilo kila mtu analijua na bado tunasambaza. Nitaongeza la kitaaluma tu. Nakala hizo mara nyingi hukosa ukurasa wa hakimiliki, kwa hiyo hujui ni chapa ya mwaka gani, na kurasa za chapa moja huenda zisilingane na za nyingine. Nimeona darasa likibishana nusu saa juu ya dondoo lililo ukurasa wa 64 kwa huyu na wa 71 kwa yule.

Tafsiri nayo ina kishawishi chake. Uhakiki mwingi wa fasihi yetu umeandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani, na sisi tunaandika kwa Kiswahili. Baadhi yetu tunadhani kwamba wazo likishatolewa katika lugha ile na kutiwa katika yetu limekuwa letu. Programu za vyuo vikuu za kunasa wizi wa kitaaluma hulinganisha maneno, na huenda zisigundue aya ya Kiingereza iliyovaa kanzu. Lakini mtahini wa nje aliyeisoma makala ile ya Kiingereza ataigundua kwa sentensi ya pili, hasa pale Kiswahili kinapoanza kutembea kwa mwendo usio wake. Dawa ni nyepesi. Taja mwandishi, mwaka na ukurasa kama kawaida, kisha ongeza maneno mawili ndani ya mabano: tafsiri yangu. Hayakupunguzii hadhi. Kinyume chake, yanaonyesha kwamba umefanya kazi ambayo msomaji asiyejua Kijerumani asingeweza kuifanya, na kwamba lawama ya kosa lolote la tafsiri ni yako, si ya mwandishi.

Siku hizi wamekuja wageni wengine: programu za akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wengine. Mwanafunzi huiuliza programu impe vyanzo vitano kuhusu taswira ya mwanamke katika tamthilia ya Kiswahili. Inampa vitano, vyote na mwandishi, mwaka, juzuu na kurasa. Jina la jarida ni la kweli, mwandishi ni wa kweli, lakini makala hayo hayajawahi kuandikwa. Programu imeunganisha vitu vinavyofanana. Ni kosa lile lile la mwaka 2007, maneno yaliyofungiwa alama za mtajo bila mtu aliyeyasema, ila sasa linakuja likiwa limevaa suti na tai. Kanuni yangu kwa wanafunzi ni hii: huruhusiwi kukitaja chanzo ambacho hujakifungua kwa macho yako. Nami hufungua viwili au vitatu bila kuwaonya.

Kwako mtahiniwa wa Karatasi ya Tatu, usiniambie kwamba haya yote ni ya watu wa vyuo vikuu. Katika chumba cha mtihani huandiki anwani ya tovuti yoyote. Unaandika kuhusu kitabu chenyewe. Ndiyo maana kila dondoo ulilolipata kwenye mwongozo wa mtandaoni sharti ulitafute katika riwaya au tamthilia kabla ya kulikariri. Ukilipata, andika ukurasa pembeni kwa penseli. Usipolipata, lifute. Ukikumbuka wazo na usiyakumbuke maneno, lieleze wazo kwa maneno yako na uache alama za mtajo zipumzike. Jibu la wazo sahihi bila dondoo hupata alama zake, lakini dondoo la kubuni humfanya msahihishaji atilie shaka hata yale uliyoyajua kweli.

Darasani mwangu zoezi lenyewe hufanyika wiki ya pili ya muhula wa kwanza. Kila mwanafunzi huleta ukurasa mmoja uliochapishwa kutoka mtandaoni kuhusu kitabu teule, wenye madondoo yasiyopungua matatu. Huketi wawili wawili na riwaya katikati. Kwanza huandika muktadha wa ukurasa wenyewe kwa mambo manne: mwandishi, aliyemwandikia, mahali ulipochapishwa pamoja na tarehe, na sababu ya kuandikwa, kama ni ya kufundisha, kuuza au kujaza nafasi. Kisha huyasaka madondoo yote katika kitabu, wakisahihisha nukta, mkato na nambari za ukurasa. Kipindi cha dakika arobaini hakitoshi, chukua viwili. Mwaka jana, katika kurasa thelathini na nane walizoleta, tisa zilikuwa na angalau dondoo moja ambalo hatukuliona popote kitabuni. Karatasi hizo tisa ziko ukutani nyuma ya darasa, na safari hii sehemu ya chini yenye anwani haijakatwa.